Shuka la Mama Ukutani

Jumatatu, 15 Mei 1972

Muhula wa pili umeanza na mvua bado haijakoma. Mwalimu Mariam amempa kila mmoja wetu daftari na kutuambia tuandike humo kwa Kiswahili, siku yenye neno na siku isiyo na neno, ili ulimi ulegee. Amesema hatayasahihisha wala hatayasoma. Nimemwamini.

Nyumbani kwetu tunasema Ekegusii tu. Kiswahili changu ni cha vitabuni, na nikisimama kukizungumza mbele ya watu hukimbia chote kikaniacha hapo. Kwenye karatasi hakikimbii. Basi niandike: mimi ni Nyamoita, binti wa Abner, niko kidato cha pili katika shule ya harambee iliyo juu ya Birongo.

Jumatano, 17 Mei

Mvua. Sikusema neno darasani.

Alhamisi, 18 Mei

Mwalimu Mariam anatufundisha Kiswahili na kazi za mikono. Ni mgeni hapa, ametoka Keroka, ambako baba yake Mzee Shueib ana duka la vitambaa. Leo alitazama kuta za darasa akasema hata ghala la mahindi lina mapambo zaidi, maana lina mahindi. Anataka kabla ya siku ya wazazi kila mwanafunzi atengeneze kitu cha kupamba darasa. Vikizidi, vitapamba nyumba yake, kwa sababu nyumba aliyopewa nyuma ya shule imebandikwa magazeti ukutani na amechoka kulala na habari zilezile. Tulicheka.

Alituonyesha pazia la gunia la unga, kisanduku cha chaki kilichosukwa kwa maganda ya mgomba, na kuku wa udongo wenye macho ya mbegu. Kisha akasema tusinunue kitu chochote. "Leteni kitu kilichomaliza kazi yake nyumbani, nasi tukipe kazi nyingine."

Mong'ina, anayekaa nami dawati moja, alinong'ona kwamba kwao aliyemaliza kazi ni babu yake tu, sijui amlete? Wasichana wa nyuma walicheka. Akaongeza kwamba mimi nitaleta ukurasa wa kitabu, kwa kuwa kwetu ndicho chakula. Nilicheka pia, lakini masikio yaliwaka moto.

Ijumaa, 19 Mei

Wenzangu wameleta magunia, vizibo vya soda, koti lililoliwa na nondo. Mimi nilimwambia Mwalimu nimesahau. Sikusahau. Kwetu hakuna kitu kinachomaliza kazi. Gunia likichakaa huwa la kufutia miguu, likichakaa tena huwekwa chini ya kuku anayeatamia, mwisho linageuka udongo. Niliona haya kueleza hivyo kwa mtu ambaye kwao ni duka la vitambaa.

Jumapili, 21 Mei

Nimepata kitu.

Ghalani, nyuma ya vyungu vya wimbi, kuna sanduku la bati. Ndani yake mna shuka la marekani jeupe, limepasuka upande mmoja, na kuzunguka pindo lote kuna maua ya kudarizi: mekundu, ya manjano, na moja la zambarau kwenye kona ambalo limeinama kushoto kana kwamba linasikiliza. Mama aliliweka humo waliponunua blanketi mpya.

Nisilidanganye daftari. Shuka hili nalijua. Tangu nikiwa mdogo nimeliona likianikwa, na daima lilianikwa nyuma ya jiko, kwenye ua wa miti ambako watu hawapiti. Hata siku moja sikuliona mbele ya nyumba. Nilijua ni la nani na la wapi. Lakini nilijiambia kitambaa ni kitambaa. Tena katika kitabu kimoja cha maktaba nimesoma kwamba wanawake wa nchi za mbali hukata mashuka ya zamani wakashona picha za kutundika sebuleni, na wageni huja kuzitazama.

Baba alikuwa kanisani kwenye kikao cha mashemasi. Mama alikuwa anachuma majani chai kule chini. Sikumwomba ruhusa. Ningeombaje? Ingenibidi nilitaje. Nililikunja nikaliweka ndani ya sweta, nikavuka ua na kwenda kulificha kwenye mfuko wa vitabu.

Jumatatu, 22 Mei

Mwalimu alilikunjua mezani akapitisha kidole kwenye pindo. Kisha akasema, "Nyamoita, huyu aliyedarizi hivi ana mkono." Nilisema ni kitambaa cha zamani tu.

Alhamisi, 1 Juni

Kila alasiri tunashona. Nimekata maua kwa uangalifu, kila ua na kipande chake. Ninashona picha ya nyumbani kwetu: kilima cha kijani kutoka kwenye sketi mbovu ya Mwalimu, juu yake nyumba yenye madirisha mawili, mbele yake wachumaji wa chai. Maua ya shuka yamekuwa miti. Lile la zambarau nimelifanya mgomba, kwa kuwa limeinama tayari.

Sijawahi kufanya kitu kwa mikono kikanitii namna hii. Mong'ina, ambaye kuku wake wa udongo amepasuka shingo, aliniuliza kama nina mikono ya kuazima.

Jumanne, 6 Juni

Mvua kubwa. Mto umekula daraja la miti. Tulizunguka kwa juu.

Ijumaa, 16 Juni

Picha imekwisha. Mwalimu ameipigilia misumari kwenye ukuta wa mbele, kando ya ubao, ikiwa pana kama meza yake. Darasa si lile tena. Kuna mapazia, kuna kalenda ya mbegu, kuna vikapu vya maganda ya mgomba. Lakini mtu akiingia, macho huenda kwenye picha yangu kwanza. Nimeona hivyo mwenyewe, nimekaa nikijifanya nasoma.

Nyumbani sikusema. Mama alinitazama wakati wa chakula kana kwamba anangoja nimwambie jambo. Kisha akainama kusuka kikapu chake.

Alhamisi, 29 Juni

Kesho ni siku ya wazazi. Sina raha na sijui kwa nini. Naandika "sijui" lakini nadhani najua.

Ijumaa, 30 Juni

Nitaandika yote, hata kama mkono unakataa.

Wazazi walifika saa nne, nguo zimelowa pindoni. Baba alikaa mbele pamoja na wanaume. Mama alikaa nyuma kabisa, mlangoni, kati ya akina mama wa kundi la kushona la kanisani. Alikaa mbali kwa sababu Mwalimu Angwenyi alikuwa amesimama mbele.

Mwalimu Angwenyi anafundisha kilimo. Desemba iliyopita alimwoa dada yangu Bitutu. Shuleni mimi humwita Mwalimu kama wengine wote. Kwa Mama yeye ni mkwe, na wanaheshimiana kwa mbali. Hawapeani mikono. Wakikutana njiani Mama husogea pembeni ya njia na kutazama majani, naye husalimu akitazama upande mwingine. Si uadui. Ndiyo heshima yenyewe. Kiswahili kina maneno aibu, haya na soni. Sisi tuna ensoni, nayo ina yote hayo ndani yake na kitu kingine zaidi. Chumba cha ndani cha Baba na Mama, watoto hatuingii. Kitanda chao hakitajwi mbele yetu, sembuse mbele ya mkwe.

Haya yote nayajua tangu nikiwa mtoto. Nilikaa pale nikayajua upya.

Mwalimu Mariam alieleza kazi zetu, kisha akamkabidhi Mwalimu Angwenyi fimbo ya kuonyeshea ili awaeleze wazazi kwa Ekegusii. Alipita kwenye vikapu, akapita kwenye kuku. Mbele ya picha yangu alisimama. Aliweka fimbo chini, akatumia mkono. Alisema wazazi watazame, hii ni kazi ya binti wa Mzee Abner, tena ni ndugu yake mwenyewe, naye anajivuna. Akapitisha kiganja juu ya maua moja moja. Aliuliza kama wameona ulaini wake. Alishika ncha ya kitambaa akakisugua kwa vidole viwili, kama mtu anayenunua, akasema marekani ya siku hizi si nzito hivi.

Nyuma, kelele za akina mama zilizimika. Mama Esnah, mzee wa kundi la kushona, alivuta leso akajifunika mdomo. Aliyekaa karibu naye alitazama sakafu, na mwingine akatazama sakafu, mpaka safu nzima ikawa inatazama sakafu. Mama peke yake hakuinamisha kichwa. Aliitazama picha tu, bila kupepesa, mikono imelala mapajani.

Baba aligeuka kutazama kwa nini kumekuwa kimya. Aliwaona akina mama. Akaitazama tena picha, na nikauona uso wake ulipofahamu. Alisimama polepole, akasema anaenda kuangalia kama mvua imepungua. Mvua ilikuwa inaonekana dirishani. Hakurudi.

Mwalimu Angwenyi aliwaomba wazazi wapige makofi. Wanaume walipiga. Nilisimama na kuinama kama nilivyofundishwa.

Nyumbani Mama alipika kabla jua halijatua, maana sisi husali Jumamosi na Sabato ilikuwa inaingia. Baba alikula zizini, ng'ombe walipo. Nilitamani mtu anipige.

Jumamosi, 1 Julai

Baada ya ibada Mama Esnah alinishika mkono akanipeleka nyuma ya kanisa. Nilidhani atafoka. Alisema kwa sauti ya chini kabisa:

"Lile la zambarau lililoinama ni langu. Nashona kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana. Wiki ile mama yako alipoolewa, kila mmoja wetu alimshonea ua moja."

Sikuweza kuinua uso.

"Yule kijana hajui alichokishika. Sisi hatutasema, hakuna mwenye mdomo wa kulisema. Lakini litoe pale, mwanangu."

Nimefikiri tangu saa ile. Bitutu atajifungua Agosti. Mama ameanza kusuka kikapu kipya, kile cha duara, cha kumpelekea unga wa wimbi mpya mtoto akizaliwa. Mwalimu Angwenyi akijua alipitisha kiganja wapi, hataweza tena kukanyaga kwetu, na Mama hataweza kukanyaga kwake. Kikapu kitakaa bila mtu wa kukibeba. Na mimi ndiye niliyefanya hivyo, kwa mkasi wa shule.

Jumatatu, 3 Julai

Imekuwa mbaya zaidi. Mwalimu Angwenyi ametangaza mbele ya shule yote kwamba picha yangu imechaguliwa kwenda kwenye maonyesho ya Kisii mwisho wa mwezi. Yeye ndiye atakayesimamia meza ya shule. Atasimama kando ya picha siku nzima akiwaeleza watu, na kadi yenye jina langu na la Baba itabandikwa chini yake. Wanawake wa makanisa yote huenda Kisii siku hiyo. Mmoja akishindwa kuzuia kicheko, Mwalimu atajua.

Watu walinipongeza. Mong'ina alisema nikishinda nisijifanye simjui.

Jumatano, 5 Julai

Nilikwenda nyumbani kwa Mwalimu Mariam. Nilikuwa nimeandika sentensi kwenye karatasi na kuikariri njia nzima. Nikasema, "Mwalimu, hiyo picha haiwezi kwenda Kisii." Sentensi iliyofuata ilinikimbia.

Aliniketisha. Alisema anaijua hofu yangu, hata yeye alipokuwa msichana alijificha dukani nyuma ya mafurushi ya vitambaa wateja wakiingia, na dawa ya haya ni kusukumwa kidogo. Alinipa chai yenye iliki. Alikuwa mwema kiasi kwamba nilishukuru nikaondoka.

Ijumaa, 7 Julai

Sikusema.

Jumatatu, 10 Julai

Sikusema. Mwalimu Angwenyi ameleta ubao mwembamba wa kuinyooshea picha.

Jumanne, 11 Julai

Bitutu alikuja kumwona Mama, anatembea kwa kuegemea kiuno. Aliniambia mumewe hazungumzi kingine ila picha yangu, na kwamba mtoto akiwa wa kike atataka ashone kama mimi. Mama alikuwa anasikia. Aliendelea kusuka. Nilitoka nje nikasimama kwenye migomba hadi Bitutu alipoondoka.

Alhamisi, 13 Julai

Nimesema.

Nilimkuta Mwalimu Mariam akikaanga karanga. Nilibaki nimesimama mlangoni ili nisipewe chai. Sikukariri kitu. Nilisema yalivyokuja:

"Mwalimu, lile ni shuka la kitandani. La Baba na Mama. Na Mwalimu Angwenyi amemwoa dada yangu."

Alikuwa anakoroga karanga. Mwiko ulisimama. Karanga zilianza kuungua na hakuna aliyezigusa.

"Na mimi ndiye niliyempa fimbo," alisema.

Niliinama.

"Nyamoita, hata kwetu Keroka kitu kama hicho hakionyeshwi mbele ya mkwe. Kwa nini hukuniambia?"

"Sikujua namna ya kulisema."

"Si umelisema sasa?"

Aliondoa sufuria motoni, akajifunga kitambaa chake vizuri kichwani, tukaenda darasani pamoja. Aling'oa misumari mwenyewe. Aliikunja picha maua yakiwa ndani, akaizungushia gazeti. Alisema atamwambia Mwalimu Angwenyi kwamba paa limevuja. Nilimwambia paa halijavuja, na sitaki aseme uongo kwa ajili yangu. Nitasema mimi. Aliniuliza nitasema nini. Sikuwa nimejua bado.

Nimerudisha kifurushi kwenye sanduku la bati nyuma ya vyungu.

Ijumaa, 14 Julai

Mwalimu Angwenyi aliuona ukuta mtupu asubuhi akauliza picha iko wapi. Nilisimama mbele ya darasa zima.

"Nimeiharibu, Mwalimu."

Alifikiri amesikia vibaya. Aliuliza nimeiharibu vipi, kwa maji, kwa moto? Nilirudia kwamba nimeiharibu na haitengenezeki. Huo haukuwa uongo, ingawa yeye na mimi hatukuwa tukisema juu ya kitu kimoja. Alisema alinidhania mtu wa akili, kumbe nasoma vitabu lakini kazi ya shule siwezi kuitunza. Alisema nimemwaibisha. Kwa adhabu nitapalilia kabichi za shule kila saa ya michezo hadi shule ifungwe.

Mong'ina alifungua mdomo atanie, akanitazama, akaufunga.

Jumatatu, 17 Julai

Nimepalilia. Shemeji alipita na baiskeli akanigeuzia uso. Nilijisikia vibaya, lakini si kama tarehe thelathini. Aibu hii naweza kuibeba mbele ya watu. Ina jina.

Alhamisi, 20 Julai

Kabichi. Mvua imepungua, wimbi limekauka.

Jumapili, 23 Julai

Tumeanza kuvuna wimbi. Mimi na Mama tulikuwa safu moja, kila mtu na kisu chake, Baba akiwa mbali upande wa juu. Tulikata hadi jua lilipokuwa kali. Kisha Mama akasema, bila kugeuka:

"Siku ile nilikuona kutoka kwenye majani chai. Ulitoka ghalani umenenepa kuliko nilivyokuacha wakati wa uji."

Kisu changu kilisimama. Nilimuuliza kwa nini hakuniita.

"Nikuite nikuambie nini? Rudisha nini?"

Wakati wote nilifikiri kosa ni langu la kutosema, kumbe naye alikuwa amefungwa mdomo na kitu kilekile. Angeniita, ingembidi alitaje. Aliona bora anyamaze, angoje nimwambie mwenyewe. Ndiyo maana alinitazama vile wakati wa chakula.

Nilimuuliza, basi siku ya wazazi alikuja kwa nini, kama alijua atalikuta ukutani?

Alikata masuke matatu, manne, akayaweka kikapuni.

"Nilitaka kuona umelifanya nini."

Tulifika mwisho wa safu. Alinyoosha mgongo, akafuta jasho kwa mkono. Akasema, kama mtu anayekumbusha chumvi:

"Ile nyumba uliyoshona, hukuweka mlango."

Jumatatu, 24 Julai

Ni kweli. Nilifungua kifurushi ghalani nikatazama. Madirisha mawili, kilima, watu, mgomba wa Mama Esnah. Mlango hakuna. Shule nzima ilitazama na hakuna aliyeona, wala mimi niliyeshona.

Jumapili, 30 Julai

Mama alileta uzi mwekundu na sindano, akaketi ghalani juu ya gunia, mlango umerudishwa. Akasema, "Shona." Nilishona mlango. Alishika kitambaa upande wake kisicheze. Nilipokosea alifumua bila kusema na kunirudishia. Nje tulimsikia Baba akipiga wimbi kwa fimbo. Alijua tuko humo, nadhani, kwa sababu alipotaka kikapu hakuja kukichukua. Aliita tukitoe.

Jumatano, 2 Agosti

Bitutu amejifungua mtoto wa kike.

Ijumaa, 4 Agosti

Shule imefungwa. Kabichi zimekuwa kubwa. Mwalimu Angwenyi alitupa ruhusa ya kuondoka, kisha akaniita kando akasema, akitazama baiskeli yake, kwamba mtoto ana vidole virefu kama vyangu na nisije nikamfundisha uzembe. Nilisema ndiyo, Mwalimu. Nadhani alitaka nicheke, lakini nilichelewa.

Kwenye ukuta wa darasa pamebaki matundu ya misumari. Mwalimu Mariam ametundika kalenda ya mbegu hapo.

Mama ameondoka asubuhi kwenda kwa Bitutu, kikapu kipya kichwani, unga wa wimbi umejaa hadi ukingo. Niliingia ghalani kuchukua nyungo, nikafungua sanduku la bati. Halina kitu. Picha haiko ghalani, haiko jikoni, haiko sebuleni. Nimetafuta kila mahali ninaporuhusiwa kuingia. Imebaki chumba kimoja, na hicho sitakiulizia.